Mchanga Ambao Tata Kalombo Alikatazwa Kuosha

Kitu chochote kilichokaa tuli mbele ya Tata Kalombo kilioshwa. Baiskeli yake aliiosha Jumatatu, viatu vya misa Jumatano, na ndoo za mkewe siku yoyote, hata kama mkewe alikuwa ametoka kuziosha sasa hivi. Mawe mawili ya kukanyagia mlangoni aliyapiga brashi mpaka yakabadilika rangi. Jogoo wa nyumba hiyo hakuwa mjinga: akiona sabuni tu, alipanda juu ya paa na kushuka jioni.

Ugonjwa huo Kalombo aliupata kazini. Kwa miaka ishirini na saba alifanya kazi katika kiwanda cha kuchenjua shaba hapa Kolwezi, upande wa filtre. Huko matope ya shaba yalimwagwa juu ya kitambaa kikubwa, maji yakapita, na juu ya kitambaa likabaki bonge zito ambalo wakubwa waliliita gato. Gato lilikwenda kwenye tanuru, maji yakatupwa, kitambaa kikaoshwa. Kila zamu kilioshwa. Kitambaa chenye utelezi kilikuwa kosa, na mwenye kosa aliandikiwa barua. Kalombo hakuandikiwa barua hata moja. Hilo alikukumbusha ukimsalimu, akakukumbusha tena ukimuaga, na mkikutana msibani alingoja kwanza sala iishe.

Mtaani walimwita Chef Filtre. Wengine walimwita hivyo kwa heshima na wengine kwa kumcheka, lakini yeye aliwaitikia wote kwa sauti ileile.

Alipopata pensheni alichimba kisima ndani ya parseli yake, kiwanja cha nyumba, mita kumi na mbili kwenda chini, udongo mwekundu mtupu. Maji yalipatikana, ila wakati wa mvua yalitoka na rangi ya chai yenye maziwa. Ndipo paroko alipoitisha semina ya siku mbili, watu wafundishwe kujenga filtre ya mchanga: pipa la plastiki, kokoto chini, juu yake mchanga mkubwa, juu kabisa mchanga mwembamba, na tuyo, bomba la kutolea maji, inayotoka chini na kupanda mpaka juu kidogo ya mchanga, ili mchanga usikauke kamwe. Siku ya kwanza walifundishwa kujenga. Kalombo alikaa mbele, akamsahihisha mwalimu mara tatu. Siku ya pili walifundishwa kutunza. Siku hiyo hakwenda. Mtu wa miaka ishirini na saba ya kazi afundishwe kutunza filtre, na nani?

Akaijenga filtre yake nyuma ya jikoni, pipa la buluu, limesimama juu ya matofali kama askofu. Maji yalitoka meupe, yanang'aa. Kila mgeni alipewa kopo kabla ya kupewa kiti.

Mwezi wa pili mwaka huu, binti yake Tatiana alishuka kutoka Mutshatsha, alikoolewa, akamleta mtoto wake wa kwanza, wa miezi tisa. Mtoto aliitwa Kalombo, jina la babu yake. Na katika ukoo huu, anayebeba jina lako si mjukuu tu, ni wewe mwenyewe umerudi ukiwa mdogo. Tatiana hakuthubutu kumgombeza mwanawe, maana angekuwa anamgombeza baba yake, kwa hiyo alimwita Tata Mudogo, baba aliye mdogo, na kumfuta makamasi kwa adabu. Nywele za kwanza za mtoto kama huyo hazikatwi na mtu mwingine yeyote. Mwenye jina ndiye anayezikata, nyumbani kwake, siku ya Jumapili, na mpaka afanye hivyo mtoto anahesabiwa kuwa bado yuko safarini.

Kalombo alinunua makasi mapya. Aliyaosha.

Lakini siku ya Alhamisi, mbele ya majirani, alimketisha mtoto pajani, akachota kopo kwenye pipa la buluu na kumnywesha. Mkewe, Mama Fidélie, alisema ngoja nimchemshie. Kalombo akajibu kwamba kuchemsha maji yaliyopita katika filtre ya Chef Filtre ni kumtukana Chef Filtre. Majirani wakacheka. Mtoto akanywa, akataka tena, akapewa tena.

Ijumaa usiku tumbo likafunguka. Jumamosi mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Jumapili, siku ya nywele, alikuwa amelala kwenye kituo cha afya na mpira wa seramu mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba babu yake hakuweza kuutazama. Alikaa nje kwenye benchi, makasi mfukoni.

Siku ya nne mtoto alifungua macho akaomba ziwa. Tatiana alifunga mizigo siku hiyohiyo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, nywele zote kichwani, akasema:

"Tata, siku mayi yako itapona, utanipigia simu."

Akapanda pikipiki ya taksi-moto, akaenda.

Kwa muda wa wiki moja Kalombo alitafuta mwenye kosa. Alilishtaki basi la Mutshatsha. Akalishtaki jino, maana watoto wakiota meno huharisha. Akaushtaki uji wa wakwe. Mama Fidélie, ambaye kwa miaka thelathini na minne ya ndoa alijua wakati wa kujibu na wakati wa kuchambua mboga, alichambua mboga. Alipomaliza, alikwenda kumwita Mama Noëlla.

Mama Noëlla ndiye muuguzi wa kituo kile, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kiume, anayewajua watu wote wa mtaa kwa matumbo yao. Alikuja na vichupa viwili vya glasi, kila kimoja na karatasi ndogo yenye dawa ndani. Kimoja alikijaza maji ya kisima, kingine maji ya filtre. Akaeleza kwamba vikae ndani ya nyumba siku mbili. Maji yakibaki na rangi yake, ni salama. Yakiwa meusi, kuna uchafu wa choo ndani yake. Kalombo alimwambia asijisumbue kurudi, atamtumia habari njema kwa simu.

Siku ya pili kichupa cha kisima kilikuwa cheusi. Cha filtre nacho kilikuwa cheusi, cheusi kama masizi ya sufuria, na ukiviweka pamoja huwezi kujua kipi ni kipi. Kalombo alivigeuzageuza akitafuta alama. Alisema labda vimebadilishana. Kisha akavirudisha mezani, akakaa chini.

Mama Noëlla alirudi, akalifunua pipa, akachungulia. Mchanga ulikuwa mweupe, safi kama chumvi.

"Tata Chef," akasema polepole, "hii muchanga unaioshaka namna gani?"

Hapo Kalombo akapata uhai. Hilo swali alikuwa akilingoja.

"Kila siku ya posho, Mama." Ndivyo wazee wa kampani wanavyoiita Jumamosi mpaka leo, japo posho yenyewe, unga wa kila wiki wa kampani, ilikwisha zamani. "Minatosha inje muchanga yote. Minaosha na sabuni, minarudilia na dawa ya Javel, minaanika ku jua, minarudisha. Hata ku kampani habakukuwa banaosha vile."

Mama Noëlla alitafuta kigoda akakikalia. Akacheka, lakini si kwa ubaya, akajifuta macho kwa kona ya kitenge.

"Kumbe weye njo unaua bafundi yako," akasema. "Juu ya muchanga kunaota kangozi, kembamba, kenye kuteleza. Mule munakaa tududu twenye macho haiwezi kuona. Tule tududu njo tunakulaka microbe ya mu kisima. Pale tududu tunaanza tu kazi, siku ya posho inafika, unatumwangia Javel."

Kalombo alitazama mchanga wake mweupe. Kiwanda kizima kilikuwa kinamgeukia kichwani. Miaka ishirini na saba alitupa maji akabaki na matope. Sasa anaambiwa maji ndiyo mali, na matope nayo yasiguswe.

"Kwa hiyo utelezi njo mufanyakazi?"

"Njo yeye."

"Na mimi?"

"Weye uko ku pensheni, Tata. Kaa."

Kisha akaacha utani, akampa masharti. Wiki nne asiuguse mchanga. Kila siku amwage ndoo ya maji ya kisima, taratibu, halafu aache yapumzike mpaka kesho yake. Maji yasimame vidole vitatu juu ya mchanga, yasikauke. Javel ina kazi yake, lakini mwishoni, ndani ya bido, dumu la kuwekea maji ya kunywa, kwa kipimo atakachomwonyesha, siyo kwenye mchanga. Wakati huo wote nyumba inywe maji yaliyochemshwa, na mtoto mdogo achemshiwe hata baadaye, filtre ipone isipone. Jambo la mwisho alilisema akiwa amemkazia macho: mchanga hautoi sumu ya madini. Kisima cha Kalombo kiko juu, na watu wa maabara walipopita mwaka jana walikikuta salama kwa upande huo. Lakini asiende kuwadanganya watu wa bondeni, kule vijana wa kobalti wanakooshea mawe yao, kwamba Chef Filtre anasafisha kila kitu.

Kalombo akakubali yote. Kukubali ni rahisi ikiwa ni Jumatano.

Siku ya posho ilipofika, mikono ilianza kumwasha. Aliosha baiskeli. Akaosha baiskeli ya jirani yake Tshimanga, ambaye hakumwomba. Akaosha ukuta wa choo, nje na ndani, akaosha bido zote, akamtazama jogoo, jogoo akapanda paa. Saa tisa mchana Mama Fidélie alimkuta amesimama mbele ya pipa la buluu, brashi mkononi, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Alikwenda ndani, akaleta kitenge chake cha kwaya, akakizungusha kwenye mfuniko na kukifunga fundo. Kila asubuhi aliyekifungua ni yeye, ndoo ikamwagwa mbele ya macho yake, kikafungwa tena. Na kwa kuwa kilikuwa kitenge chenye sura ya Mama Maria, Kalombo aliona haya kukivuta.

Wiki ya pili ile ngozi ikaonekana. Ilianza kahawia, ikaelekea ukijani, na ukiinama karibu ilinuka kama ukingo wa mto. Kalombo alichungulia begani kwa mkewe, akashika kifua. Angekuwa kiwandani angekuwa na barua tatu. Wageni walipokuja aliwapeleka upande wa barabara, akakaa mwenyewe mahali pa kulificha pipa, na hakuna aliyepewa kopo. Mtaa ukaona. Tshimanga alipita kwenye uzio akauliza kama ni kweli Chef Filtre sasa anafuga vyura, na kama ni wa kuuza.

Wiki ya tatu maji yalianza kutoka kwa uvivu. Tuyo iliyokuwa ikimwaga sasa ilitiririsha uzi. Kalombo alimpigia simu Mama Noëlla saa moja asubuhi, akamwambia pipa linakufa. Mama Noëlla akauliza maji bado yanatoka au hayatoki. Yanatoka, lakini kama mzee anayekojoa. Basi hiyo ni habari nzuri, akasema Mama Noëlla, ngozi imekaza, waache wafanye kazi. Akakata.

Waache wafanye kazi. Kalombo alirudi nalo neno hilo mpaka nyuma ya jikoni. Alikaa kwenye tofali, akalisikiliza pipa. Ti, ti, ti. Alikuwa amewasimamia watu arobaini wakati wake, na hakuna hata mmoja aliyefanya kazi usiku na mchana bila kuuliza mshahara. Akaanza kuwaheshimu kidogo wale wadudu. Kidogo tu.

Katika wiki hizo zote Tatiana alipiga simu mara mbili, akaongea na mama yake. Simu ya pili Kalombo alisikia kwa mbali sauti ya mtoto ikipiga makelele ya furaha, na Mama Fidélie akamwambia baada ya kukata kwamba Tata Mudogo sasa anasimama akishika kiti, na nywele zimefika masikioni. Huko Mutshatsha mama mkwe ameuliza mara mbili kama awape wao wakate. Tatiana amejibu bado. Hakusema mpaka lini. Kalombo alitoka nje, akaosha mawe ya mlangoni.

Wiki nne zikatimia siku nne kabla ya Pasaka. Mama Noëlla alipita mbiombio, maana ilikuwa siku ya chanjo na akina mama walikuwa wamejaa kituoni. Akaacha kichupa kimoja kimefungwa, akamwonyesha Kalombo namna ya kukijaza bila kugusa mdomo wake, akaenda.

Hapo ndipo Tshimanga alipoingia. Usimchukie Tshimanga. Anapenda utani, lakini pia alikuwa ameliona benchi la kituo cha afya siku ile, na makasi mfukoni mwa jirani yake. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya dukani, iliyofungwa, ameinunua mjini, Manika.

"Mukubwa," akasema, safari hii bila kucheka, "weka hii mu kale kachupa. Nani atajua? Mutoto anafika, unakata nywele, unamuchemushia mayi kila siku. Byote bimekwisha."

Kalombo aliipokea chupa. Iliteleza mkononi, baridi, maji meupe kabisa. Akaipima. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Mama Noëlla angefurahi, Tatiana angepanda basi Ijumaa, Jumapili ya Pasaka nywele zingeanguka kwenye kitambaa. Na kama kile kichupa kitakuwa cheusi tena, itakuwa wiki nne nyingine, na mama mkwe wa Mutshatsha naye ana makasi.

Kisha akaigeuza ile chupa, akasoma karatasi yake, jina la kampuni, namba, picha ya mlima, na uso wake ukabadilika. Kitu kilichomwokoa Tata Kalombo siku hiyo hakikuwa utakatifu. Kilikuwa kile kiburi chake kilekile kilichompeleka pabaya mwanzoni.

"Hii mayi ni ya duka," akasema.

"Njo ni ya duka."

"Duka ikuye yenyewe kumukata mutoto nywele. Mi nitapeleka yangu." Akamrudishia chupa. "Na ikikuwa nyeusi, itakuwa nyeusi yangu."

Akajaza kichupa kwenye tuyo bila kugusa mdomo wake, akakiweka juu ya kabati, kando ya redio.

Siku mbili hizo redio haikuwashwa, eti isikitikise. Siku ya kwanza alikitazama mara nyingi hata Mama Fidélie akamtuma sokoni kufuata chumvi, na nyumbani chumvi ilikuwepo. Asubuhi ya siku ya pili, Ijumaa Kuu, aliamka kabla ya wote, akaingia sebuleni, akaona kichupa ni cheusi.

Akashika meza. Alisimama hivyo mpaka Mama Fidélie alipotoka chumbani, akamwona, akatazama alikotazama, akaenda kabatini bila haraka na kuiondoa pasi ya makaa aliyokuwa ameiweka nyuma ya kichupa jana jioni. Mwanga wa dirisha ukapita ndani ya maji. Yalikuwa na rangi ya manjano kidogo, ile ya dawa, kama yalivyokuwa tangu mwanzo.

"Weye na macho yako," akasema Mama Fidélie, akakaa chini.

Mama Noëlla alikuja saa tatu, akakiinua kichupa kwenye jua, akakitikisa, akakiinua tena. Akasema ni salama. Akarudia, kwa sababu Kalombo alimwomba arudie.

Alipompigia Tatiana hakuna aliyejua atasema nini, na mkewe alisogea karibu, tayari kumnyang'anya simu akianza habari za miaka ishirini na saba. Hakuzianza.

"Tatiana," akasema. "Imepona."

Kule upande wa pili binti akauliza:

"Nani amesema?"

"Mama Noëlla. Hayikuwe mimi. Na mutoto tutamuchemushia, mama yako yuko na sufuria."

Binti akakohoa kidogo, kama mtu anayeficha kicheko au kitu kingine. Akauliza basi la kesho linapita saa ngapi.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, Tata Mudogo aliketishwa kwenye kigoda, kitambaa cheupe shingoni, nywele zimesimama kichwani kama jogoo aliyelowa. Alikuwa mnene, mwenye kelele, na alimvuta babu yake sikio. Kalombo alikata taratibu, ulimi nje. Tshimanga alishika kioo. Mtoto akasumbuka, akalia kidogo, ndipo Tatiana mwenyewe akachukua kopo la maji ya pipa la buluu, yaliyochemshwa na kupoa, akaonja kwanza yeye, akameza, kisha akampa mwanawe. Mtoto akanywa kwa mikono miwili mpaka kopo likamfunika uso. Akalishusha, akapumua, akataka tena.

Tatiana akamtazama baba yake.

"Umupe, Tata."

Walikaa wiki mbili. Tumbo la mtoto halikusema kitu.

Siku ya posho iliyofuata, Kalombo alitoka na ndoo, sabuni na brashi, akaelekea nyuma ya jikoni. Mama Fidélie akasimama mlangoni kuangalia. Aliliosha pipa nje, nje tu, mfuniko, pembeni, matofali ya chini, akaondoa alama za vidole vya uji ambazo Tata Mudogo aliziacha, mpaka ile buluu ikawaka. Kisha akafungua kitenge, fundo alikuwa amekwisha kulijua siku nyingi, akainua mfuniko na kuchungulia ule utelezi wa kijani uliotulia chini ya maji vidole vitatu.

"Bafundi," akasema kwa sauti ya chini, "kazi muzuri."

Akafunika, akafunga fundo. Juu ya paa, jogoo alikuwa bado anangoja.